Wasomaji Wanauliza: Mama wa Kanisani, wa Nyumbani na wa Jukwaani

Barua za safari hii zimefuatana kama ndugu. Karibu zote zinamhusu mwanamke wa aina moja: yule aliyeshika ufunguo wa kanisa au aliyewahi kutandika mkeka madrasani kabla watoto hawajafika, aliyelea wanawe na wa wenzake, na ambaye sikukuu ikikaribia sebule yake iligeuka chumba cha mazoezi ya maigizo. Amefariki, na walioachwa wanauliza wamkumbukeje. Jambo moja limetuongoza katika majibu yote: katika hayo matatu, maigizo ndiyo yanayopotea upesi. Imani yake imo kwenye rejesta na midomoni mwa waumini wenzake, familia yake ipo inakula na kugombana kama kawaida, lakini michezo yake imo vichwani mwa watu wachache ambao siku ya kuanua tanga watatawanyika. Anzeni na hiyo.

Mazishi ni Jumamosi na nimepewa dakika tano nisome wasifu wa mama. Kila Ijumaa Kuu aliongoza mchezo wa mateso ya Yesu. Taji la miiba alilisuka mwenyewe kwa michongoma, akakata ncha zote kwa mkasi wa kucha, kisha akalivaa kwanza yeye ndipo amvike mtoto. Alizaa saba, akalea na wawili wa marehemu dada yake. Nilichoandika kimefika kurasa sita. Nikate wapi? (Binti yake, Moshi)

Pole sana, dada. Dakika tano za kusoma polepole ni maneno kama 500, yaani ukurasa mmoja na nusu wa A4 kwa herufi za ukubwa wa 12. Isome kwa sauti nyumbani ukiwa na saa mezani. Ikichukua dakika nne umepatia, maana kanisani utasimama mara mbili tatu kumeza mate.

Kata ugonjwa kwanza. Wasifu nyingi zinaharibikia hapo: nusu nzima ni hospitali moja hadi nyingine, rufaa, vipimo, dripu, mpaka msikilizaji anatoka akiijua historia ya figo za marehemu kuliko historia ya marehemu. Sentensi mbili zinatosha: aliugua nini na tangu lini, alifariki wapi na tarehe gani. Kuzaliwa, wazazi, shule, ndoa na majina ya watoto vipe maneno 120 hivi. Zinabaki 300 na ushee kwa ajili ya mtu mwenyewe.

Hizo 300 usizigawe mafungu matatu yenye vichwa "imani", "familia" na "sanaa". Ukigawa hivyo kila fungu litajaa sifa zinazofanana na za marehemu wa wiki iliyopita. Tafuta tendo moja ambalo ndani yake yote matatu yamo, na wewe umeshalipata ila umelizika ukurasa wa nne: lile taji. Badala ya "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mama mwenye upendo na mpenzi wa sanaa", sentensi inayoweza kusomwa mbele ya jeneza lolote, andika hivi: "Taji la Ijumaa Kuu alilisuka mwenyewe kwa michongoma. Alikata kila ncha ya mwiba kwa mkasi wa kucha, akalivaa kwanza yeye, ndipo akamvika mtoto wa mtu." Ishia hapo. Usiongeze kwamba hiyo yaonyesha upendo wake. Kanisa zima limeshaona.

Tarehe na majina yahakikishe leo, si Ijumaa usiku. Ukikuta kitambulisho kina tarehe 1 Januari au 1 Julai, ilinganishe na cheti cha ubatizo, kwa sababu wazee wengi waliandikiwa tarehe hizo na karani kwa kukosa nyingine. Usipopata uhakika, taja mwaka peke yake. Orodha ya watoto isomwe kwanza na watu wazima wawili, mmoja wa upande wa kukeni na mmoja wa kuumeni. Jina likisahaulika kwenye wasifu litaongelewa miaka kumi. Hao wawili wa marehemu dada yake wataje palepale pamoja na wale saba, wasije wakawekwa kwenye mstari wa "pia aliwalea".

Nakala ya kusomea iwe ya herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zimeandikwa namba. Mpe mtu wa pili nakala yake, awe ameshaisoma, akae kiti cha mbele. Sauti ikikukatika yeye anaendelea pale pale ulipoachia, na watu hawana haja ya kusubiri wakikutazama.

Paroko amekataa wasifu usisomwe ndani ya Misa. Mama alilitumikia kanisa hilo miaka yote, na kikundi chake cha maigizo nacho kinaomba nafasi. Je, ni haki? (Wanafamilia, Mwanza)

Paroko hajawaonea. Mwongozo wa jumla wa Misale ya Kirumi (kitabu cha Misa), namba 382, unataka Misa ya mazishi iwe na homilia, yaani mahubiri, fupi na unakataza hotuba ya kumsifu marehemu badala yake. Taratibu za mazishi huacha nafasi kwa mwanafamilia au rafiki kusema maneno machache ya kumkumbuka baada ya sala inayofuata komunyo, kabla ya buriani. Mwombeni nafasi hiyo, na mkiipata iwe ya dakika mbili tatu. Wasifu wenyewe someni nyumbani kabla ya msafara kuondoka, au makaburini.

Kuhusu kikundi chake cha maigizo, mahali pao ni mkesha. Usiku wa mkesha una muda, una watu waliochoka kuimba, na kipande cha dakika kumi kutoka mchezo wa Noeli wa mama kitapokelewa vizuri kuliko hotuba ya tano.

Mama ujanani alishiriki michezo ya redio na ya jukwaani, baadaye akafundisha watoto madrasa. Mjomba hataki maigizo yatajwe kwenye arobaini. Huku dada yangu ameshawaahidi wanakikundi cherehani ya mama na sanduku la maleba (mavazi ya kuigizia). Tufanyeje? (Mwanawe wa kiume, Mombasa)

Tuanze na cherehani, maana hiyo ndiyo itakayowagombanisha. Kisharia mali ya marehemu hutoka kwa mpangilio: gharama za mazishi, madeni, wasia usiozidi theluthi moja, kisha mirathi. Cherehani na sanduku ni mali ya warithi wote. Dada yako hawezi kuitoa kwa ahadi yake peke yake, hata kama nia ni njema. Njia ni mbili: warithi wote watu wazima waridhie, au vitu hivyo vihesabiwe kwenye fungu la dada kisha yeye atoe vilivyo vyake. Kukiwa na mrithi mdogo, sehemu yake haiguswi kwa sadaka ya mtu mwingine. Mkikwama, Mahakama ya Kadhi ipo kwa ajili hiyo. Wanakikundi waambiwe mapema, tena na dada mwenyewe.

Sasa mjomba. Kama arobaini inasomwa au haisomwi ni jambo la kuafikiana na imamu wenu, kwani masheikh hawana kauli moja. Mkishaafikiana, mwulize mjomba kwa upole anachokikataa hasa: kutaja tu, kupiga kanda ya sauti yake, au kuonyesha picha? Ni vitu vitatu mbalimbali, na mara nyingi mzee anakataa kimoja ilhali vijana wanasikia amekataa vyote. Kanda msiipige siku ambayo watu wamekuja kusoma Yasini. Kutaja kuna njia yake: semeni kwamba sauti iliyosikika redioni ndiyo hiyo iliyowasomesha watoto alifu kwa ujiti. Kama hata hilo mjomba hataki, siku hiyo nyamazeni. Kumbukumbu za maigizo zitaandikwa kwenye daftari la familia, na daftari halihitaji kuruhusiwa na mkutano.

Tumekuta kaseti kumi na moja na kanda tatu za video za VHS za michezo ya bibi. Nyingine zina unga mweupe. Redio ya kaseti tumeazima kwa jirani. Tuanzie wapi? (Wajukuu, Dodoma)

Muanzie kwa kutozichomeka popote. Zitazameni kwanza kupitia kidirisha chake kwenye mwanga wa jua la pembeni. Unga mweupe au madoa kama utando ni ukungu. Kanda yenye ukungu ikipita kwenye mashine huchafua kichwa cha kusomea, kisha kichwa kinauhamishia kwenye kanda safi zinazofuata. Hizo tieni kwenye mifuko ya karatasi, si ya nailoni inayohifadhi unyevu, mzitenge mpaka mpate fundi wa kuzisafisha.

Zile safi, vunjeni vile vijino vya plastiki vilivyoko ukingoni: kaseti ina viwili, kimoja cha kila upande, VHS ina kimoja mgongoni. Kikishavunjika mashine haiwezi kurekodi juu yake. Msipovivunja, iko siku kidole kitagusa kitufe chekundu na sauti ya bibi itafunikwa na taarifa ya habari.

Kabla ya kusikiliza, pelekeni kanda mbele hadi mwisho na kuirudisha mwanzo, mara moja. Kanda iliyolala miaka ishirini imeshikana tabaka kwa tabaka. Kuizungusha kunailegeza na kuisawazisha ndipo isomwe bila kuvutwa. Safisheni kichwa cha redio kwa kijiti cha pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pafyumu haifai, inaacha mafuta.

Msirekodi kwa kuweka simu mbele ya spika. Mtapata feni, jogoo wa jirani na bibi kwa mbali. Tumieni waya wa tundu la milimita 3.5 kutoka redio hadi kompyuta, na programu ya bure kama Audacity. Sauti isivuke desibeli hasi 6 kwenye kipimo. Ikigonga sifuri imepasuka na haitengenezeki. Hifadhini kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), kiwango cha 44.1 kHz na biti 16: dakika moja hula kama megabaiti 10, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ni kama megabaiti 600. Za kutumiana kwenye kundi la familia ndizo mzigeuze MP3, na ile WAV mwiache ilivyo.

Kanda ikikatika msiiunge kwa selotepu ya kawaida, joto likizidi gundi yake hutoka pembeni na kuganda kwenye kichwa. Iko tepu yake maalumu ya kuungia. Na sauti ikiwa hafifu kama inatoka chini ya blanketi, chunguzeni kile kisponji kidogo kinachoikandamiza kanda: huwa kimebanduka. Hamishieni magurudumu ya kanda kwenye ganda la kaseti nyingine nzima yenye skrubu.

VHS za kwetu nyingi ni za mfumo wa picha uitwao PAL. Fundi ahamishie picha kwenye kompyuta kwa nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, na asiwauzie "kuongeza ubora". Atakachoongeza ni nyuso kama za plastiki. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Flashi peke yake si hifadhi.

Mke wangu hakuandika michezo yake. Alikuwa akiwaeleza waigizaji, wanafanya mazoezi, basi. Waliobaki katika kikundi ni watano, mdogo wao ana miaka 58. Kuna namna ya kuipata? (Mgane, Iringa)

Shikamoo Baba, na pole kwa kuondokewa. Namna ipo, ila haingoji. Waite hao watano wote siku moja, wasizidi sita hata wakipatikana wengine, kwa sababu sauti zikiingiliana kinasa hakitatenganisha. Wakutane palepale walipokuwa wakifanyia mazoezi. Kama ilikuwa sebuleni kwako, rudisha kochi na meza mahali pake pa zamani. Mwili unakumbuka mlango kabla ulimi haujakumbuka neno.

Saa ya kwanza wasiigize. Bandika karatasi ya manila ukutani, waulize mchezo ulikuwa na maonyesho mangapi, na kila onyesho nani aliingia, kutokea upande gani, ameshika nini. Wape vitu mkononi: fimbo, ungo, kikapu, hata kama si vile vya siku zile. Mtu aliyesema "sikumbuki kitu" akishika ungo huanza kupepeta, na maneno yanafuata mkono.

Kisha waigize mfululizo bila kusimama. Simu moja iwe mezani inanasa sauti, ya pili imesimamishwa pembeni inachukua picha. Asikosolewe mtu katikati. Anayekwama, usimwulize yeye, mwulize aliyekuwa akimjibu, kwani mwigizaji huyakumbuka vizuri maneno ya mwenzake yaliyokuwa yakimpa zamu yake. Wakimaliza wanywe chai, warudie mara ya pili. Mara ya pili ndiyo huwa nzuri, maana wakati wa chai watakuwa wameshabishana vya kutosha.

Nyimbo zinaswe peke yake, nzima, aanze aliyekuwa akianzisha.

Kuandika kutoka kwenye sauti kunakula muda: saa moja ya mchezo itamchukua kijana masaa manne hadi sita. Mwambie aandike kama ilivyotamkwa. Kama mke wako alimpa yule mzee wa kwenye mchezo maneno ya Kihehe, yabaki Kihehe na Kiswahili chake kiwe pembeni. Kuyasafisha ni kumfuta mtunzi. Mahali watu wawili wamekumbuka tofauti, ziandikwe zote mbili. Mahali pamejazwa kwa kukisia papigiwe mstari, ili anayesoma baadaye ajue lipi ni la mama na lipi ni la kikundi. Na ukurasa wa kwanza ubebe majina ya hao watano, tarehe ya siku hiyo, na mchezo ulionyeshwa wapi na mwaka gani.

Baba, kama ziko hata karatasi chache za orodha ya wahusika, usizipeleke kwenye laminesheni. Joto na plastiki vile havirudi nyuma. Toa pini zenye kutu, piga picha kila ukurasa karibu na dirisha bila mwako wa kamera, kisha uziweke kwenye bahasha kubwa mahali pasipofikiwa na mchwa, yaani juu na si kabatini chini.

Mama hakusoma chuo chochote cha sanaa. Shangazi anasema tukimwandika "mwongozaji wa maigizo" kwenye tanzia tutachekwa, tuseme "alipenda sanaa". (Watoto, Morogoro)

Atakayecheka ni asiyejua. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kinachoitwa TaSUBa tangu 2007, kilianza 1981. Mama aliyekuwa akiongoza michezo miaka ya sabini angesomea wapi, kama hakupata nafasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Kizazi chake kilijifunzia kwenye vichekesho, kwenye ngonjera zilizoshamiri mashuleni baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kanisani. Cheo cha mtu hutokana na kazi aliyoifanya. Aliyebuni hadithi ni mtunzi. Aliyepanga nani asimame wapi na kusimamia mazoezi ni mwongozaji. Aliyepanda jukwaani ni mwigizaji. Kama alifanya yote matatu yaandikeni yote. "Alipenda sanaa" husemwa kwa mtu aliyekuwa akikata tiketi. Shangazi mwambieni kwa heshima, lakini msibadilishe.

Kikundi cha kanisa kinataka kuchapa tamthilia tatu za mama na kuziweka YouTube. Wanasema ni za kanisa kwa kuwa ziliigizwa kanisani. Ni kweli? (Mwanawe, Nakuru)

Kuigizwa mahali hakumpi mwenye mahali umiliki. Kwa sheria ya Kenya ya hakimiliki ya 2001, haki za kazi ya maandishi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, na katika muda huo ni sehemu ya urithi wake. Mambo yanabadilika kama aliziandika akiwa mwajiriwa wa kanisa na hiyo ikiwa kazi yake, au kama kanisa lilimwagiza azitunge. Mama aliyejitolea jioni baada ya kazi za nyumbani hayumo humo. Kusajili kwenye Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si sharti la kuwa na haki, ila kunarahisisha uthibitisho kukitokea ubishi.

Hata hivyo usiwapelekee wakili wanakikundi. Andikeni karatasi moja: tamthilia zipi kwa majina, ruhusa ni ya kuchapa nakala ngapi na ya kuonyesha wapi, jina la mtunzi litokee jaladani na mwanzoni mwa video, mapato yakiwepo yagawanywe vipi, na ruhusa inaisha lini. Warithi wote watie sahihi. Ugomvi mwingi wa aina hii hauanzi kwenye pesa. Huanza siku video inapotokea na jina la mama halimo.

Maleba yake tuyatunzeje? Kuna kanga, joho la kitambaa cha mahameli na ndevu za bandia. (Mkwe, Tanga)

Kanga na vitu vya pamba fueni kwa sabuni ya kawaida bila wanga, maana wanga huwaita mende. Anikeni kivulini, vikauke kabisa hata kwenye pindo. Joho la mahameli lisifuliwe wala kukunjwa, vinyweleo vyake vikilala ni vigumu kuvisimamisha tena. Litundikwe kwenye hanga pana na kufunikwa mfuko wa kitambaa cha marekani. Huku pwani nailoni ni adui, inatoa jasho. Kanga zikunjuliwe kila miezi mitatu na kukunjwa upya mahali pengine, kwani zinachanika penye mkunjo wa zamani. Karafuu kwenye kifuko zinasaidia harufu na kufukuza wadudu wadogo, ila zisigusane na kitambaa cheupe. Na kila kanga iandikieni kikaratasi: ilivaliwa na mhusika gani. Jina la kanga lenyewe mara nyingi lilichaguliwa kwa ajili ya onyesho fulani, mama hakuiokota tu dukani. Ndevu zitupeni. Gundi yake imeshaoza.

Mwaka unatimia. Tunataka kuigiza mchezo wake mmoja kwenye ukumbi wa kanisa. Tunaomba mpangilio mzima, hatujawahi kuandaa bila yeye. (Kikundi chake, Morogoro)

Msiigize mchezo mzima. Chagueni kipande cha dakika 20, na kisiwe chenye kifo wala maombolezo, hata kama ndicho kilichosifiwa zaidi. Mbele ya wafiwa kilio cha kuigiza na kilio cha kweli huchanganyika, na mwigizaji hajui tena aendelee au akamshike mtu. Kichekesho chake ni bora.

Kanuni ya wazoefu ni saa moja ya mazoezi kwa kila dakika ya jukwaani. Dakika 20 ni masaa 20: wiki tano, mara mbili kwa wiki, masaa mawili kila mara. Wiki mbili za kwanza ni za maneno na nafasi, ya tatu waache karatasi, ya nne ni vifaa na maleba, ya tano wafanye mfululizo bila kusimama hata wakikosea. Wanaokosea na kusimama mazoezini watasimama pia siku yenyewe.

Binti yake asipewe nafasi aliyokuwa akiigiza mama. Tunajua ndilo wazo la kwanza linalokuja, na wazee watalishangilia. Lakini ukumbi utamtazama yeye, si mhusika, naye atakwama palepale ambapo mama alikuwa akichekesha. Mpeni kazi ya kushika maandishi pembeni na kunong'ona neno kwa aliyesahau.

Mwombeni mchungaji ukumbi kwa barua, mkitaja mchezo na urefu wake, tena baada ya ibada na si ndani yake. Viti vya mbele viwe mita mbili kutoka jukwaani. Jenereta iwe nyuma ya jengo upande wa pili, mita 20 au zaidi, na waya wa kutosha. Ikikaa dirishani haina tofauti na kuigiza mbele ya mashine ya kusaga. Maikrofoni za mkononi ziacheni, kwa sababu anayeshika maikrofoni hawezi kupepeta ungo. Wekeni mbili kwenye stendi fupi mbele ya jukwaa, kisha mwenzenu akae kiti cha mwisho asikilize. Ukumbi mtupu una mwangwi. Ukijaa watu sauti hunywewa na nguo, kwa hiyo siku yenyewe ongezeni kidogo.

Ratiba: sala, mchezo, maneno ya familia dakika kumi, chakula. Mchezo uje kabla ya hotuba na kabla ya chakula, maana baada ya kula watoto wanalala na sufuria zinaanza kugongana. Mshereheshaji akatazwe kusimulia mchezo kabla haujaanza. Wote wana tabia hiyo.

Picha kubwa ya mama msiiweke jukwaani, waigizaji wataiangusha. Iwe mlangoni. Mkiitoa kwenye picha ya karatasi, iskanieni kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) na mtachapa ukubwa mara mbili bila kupoteza kitu. Kwa mchapaji itumeni kama faili kwenye WhatsApp, si kama picha, kwani ikipita kama picha inabanwa na uso utatoka na mabaka.

Kubalianeni mapema nani anafunga. Vikundi vilivyozoea kumtazama mwongozaji vikifika mwisho bila yeye husimama kama waliosahau njia, wakitazamana. Chagueni mtu mmoja: neno la mwisho likisemwa anahesabu kimoyomoyo hadi tatu, anazima taa, na aliyekuwa akianzisha wimbo anaanza gizani.